Arnold Theiler: Daktari wa farasi ambaye jina lake limo katika ndigana ya ng'ombe

Farasi ni mnyama adimu Arua na Koboko. Huko utajiri wa mfugaji huhesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo, daktari wa mifugo anapoichunguza kwa hadubini damu ya ng'ombe mwenye homa, akitafuta ndigana kali, kiumbe anachokitafuta kina jina la mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachunguza farasi: Sir Arnold Theiler.

Theiler alizaliwa Machi 26, 1867, katika mji wa Frick, Uswisi. Alisomea udaktari wa mifugo Bern na Zürich, kisha mwaka 1891 akahamia Transvaal, katika Afrika Kusini ya leo. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Wateja walikuwa haba, na alipoajiriwa shambani, ajali ya mashine ilimkata mkono wa kushoto. Mwaka 1893 ndui ilizuka katika migodi ya Witwatersrand, naye akatengeneza chanjo iliyomfungulia mlango wa serikali. Sotoka ilipoingia mwaka 1896, alikuwa miongoni mwa waliotafuta kinga yake.

Adui aliyemshughulisha zaidi ulikuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Wakati huo farasi ndiye aliyebeba watu, posta na majeshi, na mlipuko wa miaka ya 1854 na 1855 katika koloni la Cape ulikuwa umeangamiza farasi wapatao 70,000. Ugonjwa huo husababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi. Ukishika mapafu, maji ya damu huvuja na kujaa ndani yake. Farasi hupumua kwa pua pekee, hawezi kuvuta hewa kwa kinywa kama binadamu. Hivyo povu linapoziba njia ya hewa na kutoka puani, mnyama aliyekula vizuri asubuhi huweza kufa kabla ya jua kuzama.

Theiler alipasua mizoga, akapima homa na kulinganisha damu. Aligundua kwamba farasi aliyepona huweza kuugua tena, kwa kuwa virusi hivyo vina aina nyingi. Leo zinajulikana aina 9. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini kinga ya aina moja haikutosha. Mwaka 1908 ilianzishwa chini yake maabara ya Onderstepoort, karibu na Pretoria, ambayo baadaye ilizalisha chanjo ya ugonjwa huo.

Utaratibu huohuo aliutumia kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki walifuatwa na vifo vingi kusini mwa bara. Robert Koch alikuwa ameviona vimelea hivyo Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Mwaka 1904 Theiler alionyesha kwamba ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye kimelea chake. Leo kimelea hicho huitwa Theileria parva, nacho huenezwa na kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia.

Theiler alistaafu mwaka 1927, akafariki London Julai 24, 1936. Mwanawe Max, mzaliwa wa Pretoria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi iliyoleta chanjo ya homa ya manjano, maradhi yaliyothibitishwa Moyo na Maracha mwaka 2020.

Kwa mfugaji wa mpakani, ambako mifugo huvuka kati ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, kazi ya Theiler ina maana ya kila siku. Ndigana kali huanza kwa homa na kuvimba tezi chini ya sikio; kuhema na povu puani huja mwishoni, mapafu yakiwa yamekwisha kujaa maji kama ya farasi wale wa Transvaal. Dawa mahususi ya ndigana husaidia zaidi ikitolewa mapema. Ndiyo maana daktari wa mifugo huitwa tezi zinapovimba, achukue majimaji ya tezi na damu kwa uchunguzi, bila kungoja ng'ombe aanze kukohoa.