Johannes Kepler, Aliyesomea Uchungaji Akapewa Kazi ya Nyota

Wasomaji wengi wamepata kulisikia jina la Johannes Kepler, hasa wale waliofundishwa shuleni habari za jua na sayari zake. Lakini si wengi wajuao ya kuwa mtu huyu hakukusudia hata kidogo kuwa mtaalamu wa nyota. Alisomea uchungaji katika Kanisa la Kiluteri. Akasoma miaka mingi, na alipokuwa karibu kumaliza akatolewa katika masomo yake akapewa kazi nyingine kabisa. Jambo hili lilimhuzunisha sana. Nasi tumeona vema kuwasimulia habari zake, kwa kuwa hata katika sharika zetu wako vijana waliofika karibu na mwisho wa masomo, kisha njia ikageuka mbele yao. Na wako wazazi waliotoa karo kwa jasho lao, ambao hawajui kama wakasirike au wanyamaze.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, upande wa kusini wa Ujerumani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa mtoto dhaifu. Alipokuwa mdogo alishikwa na ndui, nayo ikamwachia macho mabovu, hata maisha yake yote hakuona vizuri. Mtu wa macho ya namna hii ndiye aliyekuja kupewa kazi ya mbinguni! Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, mtu mkali, aliyependa vita kuliko nyumba yake. Mwisho akaenda zake asirudi tena. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, mjuzi wa dawa za majani, ila ulimi wake haukuwa na breki. Mwaka 1577 ilipoonekana nyota yenye mkia, mama huyo alimchukua mtoto mpaka mahali pa juu ili aitazame. Tutamtaja mama huyu tena.

Watu wa namna hii hawakuwa na mali ya kumsomesha mtoto. Lakini watawala wa Württemberg, baada ya nchi yao kuyapokea Matengenezo ya Kanisa, walikuwa wamefungua shule katika nyumba za watawa wa zamani, na mtoto maskini mwenye akili alilelewa na kufundishwa humo kwa fedha ya nchi. Deni lake lilikuwa moja tu: akiisha kusoma awe mtumishi wa mtawala, achunge au afundishe popote atakapotumwa. Kepler akapita katika shule hizo, na mwaka 1589 akaingia chuo kikuu cha Tübingen. Huko, kwanza mwanafunzi alisoma elimu za jumla, yaani lugha, mantiki, hesabu na nyota; ndipo alipoanza elimu ya Mungu kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka 1591 Kepler alishinda mtihani wa sehemu ile ya kwanza akapewa cheo cha umagister, akaingia katika elimu ya Mungu kwa furaha. Mwalimu wake wa nyota, Michael Maestlin, alikuwa amemwonyesha fundisho la Copernicus, lililochapwa mwaka 1543, ya kwamba si jua linaloizunguka dunia, bali dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kepler alilipenda, akalitetea mbele ya wanafunzi wenzake. Lakini kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya mazungumzo ya jioni. Kazi yake ilikuwa mimbari.

Basi katika mwaka wake wa mwisho ikaja barua kutoka Graz, mji mkuu wa nchi ya Steiermark katika Austria. Wakuu wa Kiluteri wa nchi ile walikuwa na shule yao, na mwalimu wao wa hesabu alikuwa amefariki. Wakaomba Tübingen iwapatie mwingine. Walimu wa chuo wakakaa, wakamchagua Kepler.

Wengine wamedhani ya kuwa walitaka kumwondoa, kwa sababu alikuwa kijana wa kuulizauliza maswali katika mambo ya imani. Huenda. Lililo hakika ni kwamba yeye mwenyewe aliona kama amepigwa. Mwalimu wa hesabu siku zile alikuwa mtu mdogo, mshahara mdogo, heshima ndogo. Mchungaji alisimama juu yake sana. Tena hakujiona kuwa na kipawa cha hesabu kupita wengine. Alikuwa amebakiza miezi tu, na sasa aambiwa auache mlango ambao mkono wake umekwisha kuushika.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomfunga. Alikuwa ameona wanafunzi wenzake wakiitwa kwenda nchi za mbali, nao wakatafuta udhuru huu na huu kwa kuwa walipenda kwao; naye alikuwa amewadharau moyoni, akisema kwamba siku atakapoitwa yeye atakwenda popote. Sasa ameitwa. Kwamba wito wenyewe ulikuwa wa kazi asiyoitaka, hilo halikuwamo katika nadhiri yake. Akakubali, kwa sharti moja: mlango usifungwe nyuma yake, apate ruhusa siku moja kurudi katika utumishi wa Kanisa.

Akaondoka tarehe 13 Machi 1594, akafika Graz tarehe 11 Aprili. (Msomaji asidhani ya kuwa safari ilikuwa ya mwezi mzima. Nchi za Kikatoliki zilikuwa zimepokea kalenda mpya tangu 1582, na Waluteri wa Württemberg walikuwa bado na ile ya zamani. Hivyo alipovuka mpaka alipoteza siku kumi bila kuziishi.) Mshahara wake ulikuwa gulden 150 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wanafunzi wake walikuwa wachache, na mwaka wa pili hakuja hata mmoja. Wakaguzi wa shule walikuwa watu wa haki. Waliandika ya kuwa hesabu si somo la kila mtu, wala kosa si la mwalimu, wakampa masomo mengine ya kufundisha ili asile mshahara bure. Alipaswa pia kutunga kalenda ya kila mwaka yenye utabiri wa hali ya hewa na mambo ya nchi. Ile ya kwanza ilitabiri baridi kali na kuja kwa Waturuki. Yote mawili yakatokea, naye akasifiwa, ingawa mwenyewe hakuiheshimu sana kazi hiyo.

Hata siku moja, tarehe 19 Julai 1595, alipokuwa akichora ubaoni mbele ya wanafunzi, lilimjia wazo kwa ghafula: labda umbali wa sayari kutoka kwa jua haukuwekwa ovyo, bali Mungu aliupanga kwa maumbo ya elimu ya vipimo. Wazo lenyewe lilikuwa la makosa, na leo hakuna alishikaye. Lakini lilimgeuza mtu. Katika miezi iliyofuata alimwandikia Maestlin akaungama ya kuwa muda mrefu alikuwa na fadhaa kwa kuwa alitaka kuwa mtu wa elimu ya Mungu. Sasa ameona jinsi Mungu anavyotukuzwa kwa kazi hii ya nyota pia. Mwaka 1596 kitabu chake cha kwanza kikapigwa chapa Tübingen.

Tusiharakishe kusema kwamba hapo huzuni yake ilikwisha. Sharti lile la kurudi hakulisahau.

Mwaka 1598 mtawala wa Graz, Ferdinand, Mkatoliki mwenye bidii, aliwafukuza wachungaji na waalimu wote wa Kiluteri. Kepler peke yake aliruhusiwa kurudi, kwa sababu ya elimu yake. Tazama jambo hili: kama angalikuwa mchungaji, angaliondoka na wenziwe. Akabaki katika mji usio na mchungaji. Mtoto wake wa pili alipofariki mwaka 1599 alimzika kwa desturi ya Kiluteri, akatozwa faini. Mwaka 1600 ikatoka amri kwamba kila asiyekubali Ukatoliki aondoke. Kepler hakukubali. Akapakia vyombo vyake na jamaa yake, akaenda Prague.

Huko alikuwako Tycho Brahe, mtu wa Denmark, aliyekuwa amezipima nyota miaka mingi kwa usahihi kupita watu wote waliomtangulia, kwa macho matupu, maana darubini haijavumbuliwa. Tycho alifariki Oktoba 1601, na Kaisari Rudolf akamweka Kepler mahali pake. Akapewa habari za sayari ya Mirihi. Wataalamu wote tangu zamani waliamini ya kuwa mwendo wa mbinguni ni wa duara kamili. Kepler alipiga hesabu zake kwa duara, akafika karibu sana na vipimo vya Tycho, ila palibaki tofauti ndogo, dakika 8 za pembe, yapata robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angalisema, yatosha. Yeye alisema Tycho hakukosea kiasi hicho, akaibomoa kazi yake yote akaanza tena. Akajaribu umbo la yai; halikufaa. Mwisho akapata lile umbo ambalo fundi wa bustani hulichora kwa vigingi viwili na kamba iliyolegea: duara iliyorefushwa, na jua liko penye kigingi kimoja. Akapata tena kwamba sayari huenda mbio ikiwa karibu na jua, na polepole ikiwa mbali. Mambo haya mawili yalitoka katika kitabu chake cha mwaka 1609. Kanuni ya tatu, ya kulinganisha umbali wa sayari na muda wa mzunguko wake, aliipata mwaka 1618. Wote wapimao njia za sayari hata leo huanzia hapo.

Tumeandika habari za Mirihi kwa urefu, kwa sababu tabia ile ile ya kutokubali dakika 8 ndiyo iliyomfungia mlango wa Kanisa. Mwaka 1611 mke wake na mwanawe walifariki, na Rudolf akaondolewa katika enzi. Kepler akaomba kurudi Tübingen, kwao, kwa wale waliomtuma. Wakakataa. Sababu haikuwa nyota. Alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kutia sahihi yake katika Kanuni ya Makubaliano, ile iliyotungwa kuwaunganisha Waluteri, bila kuweka neno lake: hakuweza kukubali fundisho kwamba mwili wa Kristo uko kila mahali, wala hakutaka kuwahukumu wafuasi wa Calvin kuwa si ndugu.

Akaenda Linz mwaka 1612. Mchungaji wa huko, Daniel Hitzler, aliyesoma Tübingen kama yeye, alimwomba atie sahihi. Naye aliposema kwamba atatia lakini si kwa neno lile moja, alimzuia asishiriki Chakula cha Bwana. Kepler akapeleka shauri kwa wakuu wa Kanisa huko Stuttgart; wakamthibitisha mchungaji. Angaliweza kwenda kwa Wakatoliki, ambao wangalimpokea kwa shangwe, au kwa wafuasi wa Calvin. Hakwenda. Akaendelea kuketi kanisani akisikiliza neno, na meza ikiandaliwa hakuisogelea. Mwaka 1619 aliandika tena kwa Matthias Hafenreffer, mwalimu wake wa zamani wa elimu ya Mungu aliyempenda, akimweleza yote. Jibu lilikuwa hapana, nalo lilikuwa la mwisho. Hafenreffer alifariki mwaka ule ule.

Katika mabishano haya hatuwezi kusema Hitzler alikuwa mtu mbaya. Alilinda agizo alilopewa. Lakini ni vigumu kusoma habari hizi bila kuwaza kwamba yule aliyeombwa aache uchungaji kwa ajili ya shule ya Kanisa, ndiye aliyekuja kukaa nje ya meza ya Kanisa.

Mama yake naye alishitakiwa kwa uchawi. Maneno yalianza mwaka 1615 kwa ugomvi na jirani. Mwaka 1620 akafungwa, mwanamke mzee wa miaka zaidi ya sabini. Kepler aliacha kazi yake akaenda Württemberg, akaandika utetezi neno kwa neno kama alivyozoea kuandika hesabu. Baada ya miezi 14 mama akafunguliwa, naye akafariki mwaka 1622.

Kepler alipata kumaliza kitabu kikubwa cha majedwali ya nyota, kilichochapwa mji wa Ulm mwaka 1627. Serikali ya Kaisari ilikuwa na deni lake la mishahara, karibu gulden 12,000, na katika vuli ya mwaka 1630 alipanda farasi dhaifu akaenda Regensburg, ambako Kaisari alikutana na wakuu wa Ujerumani, ili ajaribu tena kudai. Alifika akiwa na homa. Mchungaji wa mji alikuja kumtuliza, akamwuliza juu ya tumaini lake. Mgonjwa akajibu kwamba laweka katika stahili ya Mwokozi peke yake. Akafariki tarehe 15 Novemba 1630, umri wake miaka 58. Walimzika katika makaburi ya Waluteri nje ya ukuta wa mji. Baada ya miaka michache vita vilifika hapo, makaburi yakavurugwa, na kaburi lake halijaonekana tena.