Fleming: Daktari wa makamasi aliyebomoa kuta za bakteria

Mafua yakikushika, makamasi huwa kero tu. Unayafuta, unatupa karatasi, unaendelea na shughuli zako. Lakini kuna jamaa mmoja jijini London aliyechukua makamasi yake mwenyewe, akayaweka kwenye kisahani cha maabara, kisha akakaa kuyatazama. Anaitwa Alexander Fleming. Hata kama humjui kwa jina, huenda dawa aliyoigundua imewahi kupita mwilini mwako: penisilini.

Usidhani alizaliwa akishika darubini. Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, kwenye shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Scotland. Babake, mkulima, alifariki Alexander akiwa na miaka saba tu. Alipobaleghe alihamia London, akasoma kidogo, kisha akawa karani katika kampuni ya meli. Miaka minne ya makaratasi! Ni urithi wa ami yake uliomfungulia mlango wa chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, akahitimu mwaka wa 1906.

Kilichombadilisha ni vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu Boulogne, Ufaransa, akaona wanajeshi wakifa si kwa risasi bali kwa vidonda vilivyooza. Dawa kali zilizomiminwa kwenye vidonda virefu ziliua seli za mwili zinazopigana na maradhi, huku bakteria wakijificha ndani. Fleming akabaki na swali moja: utampigaje bakteria bila kumpiga mgonjwa?

Hapo tulia kidogo tuelewane. Jibu liko ukutani. Seli za mmea zina ukuta wa selulosi, ndiyo maana mti husimama wima bila mifupa. Seli za kuvu zina ukuta wenye kitini, kitu kile kile kilicho kwenye gamba la panzi. Bakteria wengi nao wana ukuta wao, wavu wa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vidogo vya amino asidi. Wewe je? Seli zako hazina ukuta, zina utando mwembamba tu. Kwa hiyo dawa inayobomoa ukuta wa bakteria haina cha kubomoa kwako.

Na wavu huo haujijengi wenyewe. Unajengwa na protini, ambazo ndizo mafundi wa seli. Ziko zinazounganisha minyororo, na ziko zinazoikata. Ukuta ukilegea, maji huingia na bakteria hupasuka kama puto lililojazwa kupita kiasi.

Sasa rudi kwenye kile kisahani. Mwaka wa 1921 Fleming aliona bakteria waliokuwa karibu na makamasi wakiyeyuka. Kumbe makamasi yana protini inayokata minyororo ya ukuta wao! Aliiita laisozaimu. Akaipata pia kwenye mate, kwenye ute mweupe wa yai na kwenye machozi. Ili apate machozi ya kutosha, aliwakamulia wenzake maganda ya limau machoni. Shida ilikuwa moja: laisozaimu iliwaweza zaidi bakteria wasio na madhara. Wale wauaji iliwashinda.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo na kukuta kisahani kimoja kimeota kuvu. Mwingine angekitupa. Yeye akaona kwamba bakteria waliokuwa karibu na kuvu hiyo walikuwa wametoweka. Kuvu ilikuwa ikitoa penisilini. Hii si protini, ila inawakwamisha wale mafundi wanaojenga ukuta, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Kuvu yenyewe haidhuriki, kwa sababu ukuta wake ni wa aina nyingine. Fleming hakuyajua haya yote. Undani wake ulieleweka miaka ya 1960, yeye akiwa kaburini.

Pia usimpe sifa zote. Alichapisha matokeo yake mwaka wa 1929, lakini alishindwa kuisafisha penisilini iwe dawa. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Mwaka wa 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa taabani. Akaanza kupata nafuu, kisha dawa ikaisha. Walijaribu hata kuichuja kutoka kwenye mkojo wake, lakini haikutosha. Akafa. Mwaka wa 1945, Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Mbele ya wageni wa tuzo hiyo jijini Stockholm, Fleming hakujisifu tu. Alitoa onyo. Aliwaza kuhusu mume anayeumwa koo, anajinunulia penisilini na kumeza kidogo tu. Bakteria hawafi, wanajifunza kuistahimili. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, dawa inadunda, mke anakufa. Ni nani aliyemuua?

Fleming alifariki Machi 11, 1955, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's, London. Onyo lake lilitimia. Kuna bakteria wenye protini inayoikata penisilini kabla haijafika ukutani. Wengine wameajiri fundi mpya ambaye dawa haimkamati. Bakteria wa namna hiyo waliripotiwa Uingereza mwaka wa 1961.

Sasa jiulize, ni mara ngapi umeingia kwenye kemisti mtaani ukanunua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki bila kumwona daktari? Ama umepata nafuu siku ya pili ukamwachia rafiki vilivyobaki? Na kama ni mafua ya kawaida, hapo umepoteza hela kabisa. Mafua huletwa na virusi, na virusi hawana ukuta wa seli. Hakuna cha kubomoa. Unachofanya ni kuwapa bakteria wengine walio mwilini mwako nafasi ya kuizoea dawa, na huenda atakayelipia ni mtu unayeishi naye.