James Watt na Vyuma Vyake Vitatu

Bila shaka umewahi kuona herufi W kwenye balbu: 40W, 60W, 100W. Hilo ni jina la mtu. Mtu huyo ni James Watt wa Skoti, na wengi waliosikia habari zake husema ati ndiye aliyevumbua injini ya mvuke akitazama birika la chai likichemka. Hiyo ni hadithi tu. Injini ya mvuke ilikuwepo hata kabla hajazaliwa, kwani Thomas Newcomen alikwisha kuunda yake ya kuvuta maji migodini mwaka wa 1712. Alichofanya Watt ni kingine.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa Greenock. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, hata masomo yake mengine akayapatia nyumbani. Mwaka wa 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Alikaa huko mwaka mmoja tu, kisha akarudi Glasgow akitaka kufungua kibanda chake. Mafundi wa mji wakamkatalia kwa kuwa hakumaliza miaka ya uanagenzi iliyotakiwa. Bahati nzuri Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba mwaka wa 1757, akawa fundi wa chuo.

Katika chumba hicho ndimo alimoletewa, majira ya baridi ya 1763, kielelezo kidogo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Alikitengeneza, lakini kikawa kinasimama baada ya kupiga mara chache. Kumbe ile silinda ilikuwa ikimwagiwa maji baridi kila mara ili mvuke ugeuke maji, halafu ipashwe moto tena upya. Mvuke mwingi uliishia kupasha chuma tu! Mwaka wa 1765, akitembea uwanjani Jumapili moja, Watt alipata jawabu: mvuke upozwe katika chombo kingine cha pembeni, silinda ibaki na moto wake. Alipewa hati ya kulinda uvumbuzi huo mwaka wa 1769.

Msidhani alitajirika hapo hapo. Ilimbidi apime njia za mifereji ili apate riziki. Mwaka wa 1773 ulikuwa mbaya kwake: mkewe Margaret alifariki akijifungua, na mshirika wake, John Roebuck, akafilisika. Matthew Boulton wa Birmingham ndiye aliyechukua fungu la Roebuck, na mwaka wa 1776 injini zao za kwanza zilianza kazi. Wenye migodi walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa.

Sasa hebu tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Injini hizo zilikuwa na boriti kubwa juu, kama pembea ya watoto. Upande mmoja kuna pistoni, upande wa pili kuna pampu. Pistoni iliunganishwa na boriti kwa mnyororo, na mnyororo ulitosha kwa sababu pistoni ilivuta tu kwenda chini. Mwaka wa 1782 Watt akapata hati ya injini ambayo mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili, juu na chini. Hapo ndipo shida ilipoanza. Jamani, nani amewahi kusukuma kitu kwa mnyororo? Kulitakiwa chuma kigumu. Lakini ncha ya boriti inakwenda kwa tao, na mkono wa pistoni lazima upande na kushuka wima kabisa. Ukivifunga pamoja vivi hivi, mkono utapinda au utavunjika. Watt alijaribu kwanza chuma chenye meno, kikawa na kelele na kuharibika. Kuweka reli za kuongoza nako kulikuwa kugumu, maana siku hizo hapakuwa na mashine za kunyoosha chuma kirefu sawasawa.

Mwaka wa 1784, akiwa na miaka 48, alipata njia. Jaribu mwenyewe, mimi nimejaribu kwa katoni. Kata vipande viwili vya sentimita 20 na kimoja cha sentimita 8. Chukua ubao, piga pini mbili zilizoachana sentimita 40 kwa upana, ya pili iwe chini ya ya kwanza kwa sentimita 8. Kila kipande kirefu kishike pini yake na kielekee katikati, kisha ncha zao ziunganishwe na kile kifupi, nacho kitasimama wima. Toboa katikati ya kifupi, tia kalamu, halafu pandisha na kushusha. Kipande kimoja kinachora tao la kupinda kulia, kingine tao la kupinda kushoto, na pale katikati mapindo hayo yanafutana! Kalamu inachora mstari ulio karibu kunyooka kabisa. Ukizidisha tu ndipo unapoanza kupinda, na ukizungusha hadi mwisho unapata kitu kama nane nyembamba.

Watt hakuishia hapo. Mpango huo ulihitaji nafasi kubwa, basi akaongeza vyuma vingine vyenye umbo la msambamba ili mwendo ule ule ufike kwenye ncha ya boriti, chumba kisiwe kirefu mno. Uzeeni alimwambia mwanawe kwamba uvumbuzi huu ndio aliojivunia kuliko mingine yote, ingawa hakujali sana sifa. Mimi naona alikuwa na haki. Kupoza mvuke pembeni ni wazo kubwa, lakini hili lilitaka jicho la fundi.

Mwaka wa 1788 akaongeza kidhibiti mwendo. Boulton alikuwa ameona kifaa cha namna hiyo kwenye kinu cha nafaka London. Mipira miwili ya chuma inazungushwa na injini. Ikienda kasi mipira inatanuka, inavuta wenzo, na wenzo unafunga kidogo kilango cha mvuke. Injini ikichoka, mipira inashuka, kilango kinafunguka. Hakuomba hati kwa kitu hiki, kwa kuwa wazo halikuwa lake. Ukienda kusaga mahindi kwenye mashine ya dizeli, sikiliza: debe likimwagwa injini inanguruma kwa uzito, kisha inarudia mwendo wake bila mtu kuigusa. Ni kazi ya jamaa ya kidhibiti hicho, ila hapa kinachoongezwa ni dizeli.

Watt alistaafu mwaka wa 1800, hati yake ilipokwisha muda. Alifariki tarehe 25 Agosti 1819 nyumbani kwake Heathfield, karibu na Birmingham. Chumba chake cha kazi juu ya dari kilifungwa na vifaa vyake vyote ndani, na mwaka wa 1924 kikahamishwa kizima kizima hadi kwenye makumbusho ya sayansi London.