Carl Gustav Jung na Laiboni wa Mlima Elgon

Mtaa wa Elgon View mjini Eldoret unabeba jina la mlima ulioko mpakani mwa Kenya na Uganda, wenye kimo cha mita 4,321. Mwaka 1925 alifika mlimani humo tabibu mmoja kutoka Uswisi, si kutafuta shamba wala kuhubiri dini, bali kuuliza watu wanaota nini. Tabibu huyo alikuwa Carl Gustav Jung, mmoja wa waasisi wakuu wa saikolojia ya karne ya ishirini.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel, na mwaka 1900 akaanza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Burghölzli, Zürich. Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud. Urafiki wao ulivunjika mwaka 1913. Tangu hapo Jung alijenga nadharia yake mwenyewe kwamba, chini ya fahamu ya kila mtu, mna urithi wa picha na ishara unaomilikiwa na wanadamu wote. Nadharia hiyo haingeweza kutegemea ndoto za wagonjwa wa Ulaya peke yao. Ilimlazimu asafiri.

Oktoba 1925, akiwa na umri wa miaka 50, alipanda meli nchini Uingereza pamoja na Peter Baynes na George Beckwith. Baadaye Mwingereza Ruth Bailey alijiunga nao. Kutoka Mombasa walikwenda Nairobi, kisha wakafuata reli hadi mwisho wake wa wakati huo, katika kituo ambacho Jung alikikumbuka kwa jina la Sitini na Nne. Ndilo jina walilolizoea watu kwa Eldoret, kutokana na shamba nambari 64. Kutoka hapo walipitia Kakamega, wakapanda Elgon pamoja na wapagazi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kambi hiyo ina jambo la kuzingatia. Wenyeji wake, jamii ya Wasabaoti ambao yeye aliwaita Elgonyi, hawakujua Kijerumani, na Jung hakujua lugha yao. Walikutana katika Kiswahili, naye akikitumia kwa msaada wa kamusi ndogo. Waliketi pamoja katika kikao alichokiita shauri, na kwa sababu ya mvi zake aliitwa mzee.

Alipouliza kuhusu ndoto, wenyeji walimwambia hawaoti. Alijaribu kuwavuta kwa zawadi ndogondogo, lakini wapi! Hatimaye alizungumza na laiboni mzee, kiongozi wa mambo ya kiroho. Huku machozi yakimlenga, mzee huyo alieleza kuwa zamani malaiboni waliota juu ya vita, maradhi, mvua na malisho ya mifugo. Tangu Wazungu waje, ndoto zilikoma, kwani sasa Waingereza ndio waliojua kila kitu. Jung alielewa kwamba nafasi ya sauti iliyowaongoza watu imechukuliwa na mkuu wa wilaya. Laiboni hakufukuzwa nchini mwake. Alibaki nyumbani, ila kazi yake haikuwa na mahali tena.

Suala la pili lilihusu ibada. Jung aliuliza kama jua ni Mungu, wakamcheka. Hata hivyo aliona kuwa alfajiri walitema mate viganjani na kuvielekeza kwenye jua linalochomoza. Aligundua kwamba kilichotukuzwa ni ile nukta ya kuchomoza, wala si jua lenyewe. Kiswahili kiliwawezesha kuelewana, lakini neno mungu halikubeba maana yote iliyokuwamo katika lugha ya wenyeji.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji huyu alipona? Jung aliuhifadhi ushuhuda wa laiboni na kuupa makao ughaibuni, katika kumbukumbu zake zilizohaririwa na Aniela Jaffé na kutolewa mwaka 1962. Lakini jina la laiboni hakuliandika. Aidha, hakuepuka mazoea ya Ulaya ya kuwaita Waafrika watu wa kale wasioendelea. Akiwa safarini aliota kinyozi mweusi aliyewahi kumhudumia Marekani, akaichukua ndoto hiyo kama onyo asimezwe na Afrika.

Dosari hizo zisifiche thamani ya kusikiliza kwake. Mwaka 1945, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kutoka Kimilili, kwenye miteremko ya mlima huohuo, alipelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilimhamishia Lamu. Taaluma ile ambayo mikononi mwa Jung ilimpa mwalimu wa kiroho sikio, mikononi mwa dola ilimfungia mlango.

Jung alirejea Ulaya mwaka 1926 kupitia Uganda na mto Nile. Mkewe Emma alifariki mwaka 1955, na Ruth Bailey, mwenzake wa Elgon, ndiye aliyemtunza uzeeni. Alifariki Küsnacht tarehe 6 Juni 1961. Kazi aliyoianza kwa kamusi ndogo bado inawasubiri watafiti wanaokijua Kiswahili na Kisabaoti pia, ili malaiboni wasimuliwe kwa lugha yao na kwa majina yao.