Vitale Bramani: kifo cha watu sita kilizaa soli mupya ya viatu vya mulimani

Watu wengi wanaopanda milima leo wanakanyaga juu ya soli za Vibram, lakini ni wachache wanaojua kama jina hilo linatoka kwa mutu. Vitale Bramani alizaliwa mwaka 1900 katika muji wa Milano, inchi ya Italia. Alikuwa mupandaji wa milima hodari, na alikuwa na duka la vifaa vya mulimani katika muji huo.

Wakati ule, safari moja iliomba viatu vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vizito, vyenye misumari ya chuma chini, vya kutembelea njiani na kwenye barafu. Lakini chuma kinateleza kwenye mwamba, tena kinapitisha baridi mpaka kwenye mguu. Basi wakifika kwenye mwamba, wapandaji walivaa viatu vyepesi. Hivyo vilishika mawe vizuri, lakini havikukinga mutu na theluji.

Mwezi wa tisa mwaka 1935, Bramani alipanda Punta Rasica, mulima wa Alpes, pamoja na wenzake. Hali ya hewa ikaharibika, na baridi kali ikawakuta kule juu. Watu sita wakakufa. Bramani akapona, na tangu hapo akatafuta soli moja yenye kushika mwamba, matope na theluji, ili mutu asibadilishe viatu njiani.

Jibu lilikuwa mupira mugumu. Kampuni ya Pirelli, inayojulikana kwa matairi ya magari, ilimusaidia, na mwaka 1937 akapata hati ya uvumbuzi. Soli hiyo yenye meno makubwa iliitwa Carrarmato, maana yake kifaru cha vita, sababu ilifanana na minyororo ya kifaru. Jina Vibram lenyewe limeunganisha Vitale na Bramani.

Tarehe 31 mwezi wa saba mwaka 1954, Waitalia Achille Compagnoni na Lino Lacedelli walifika wa kwanza kwenye kilele cha K2, metre 8.611, wakivaa viatu vyenye soli za Vibram.

Bramani alikufa mwaka 1970. Kampuni yake, yenye makao Albizzate, ingali inauzia watengenezaji wengi wa viatu soli zake. Ndiyo maana alama yake ya rangi ya manjano inaonekana chini ya viatu vyenye majina mbalimbali.