Puran Singh, fundi aliyebeba jina la Kericho

Sisi watu wa Mombasa gurudwara tunayoijua ni ile ya Makindu. Mara ngapi tumesimama pale njiani kwenda Nairobi, tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukala chapati na dengu bila kuulizwa dini wala kudaiwa senti. Ilijengwa 1926 na Makalasinga wa reli. Wachache kwetu wanajua kwamba huko juu Kericho, kwenye chai, ipo nyingine kubwa ya kuba, na kwamba imesimama kwa ajili ya fundi mmoja aliyeshinda karakana. Yeye ndiye ninayetaka kumzungumzia leo. Mtanivumilia nikichomeka habari za nyumba zetu za Mji wa Kale, maana kwangu mimi habari hizi zimeshikana.

Puran Singh alizaliwa Punjab mwaka 1898 na akaja Kenya 1916, kijana wa miaka kumi na minane hivi. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga, na 2,493 kati yao walifia kazini. Watu wakizungumza juu ya reli hutaja simba wa Tsavo tu, wakasahau kwamba simba walikula wachache na maradhi na kazi ndivyo vilivyokula wengi. Kazi ya mbao, ya chuma na ya mawe ilikuwa sana mikononi mwa Makalasinga, na hata reli ilipokwisha vijana wa kwao waliendelea kuvuka bahari wakiwa na ufundi wa baba zao.

Puran Singh akaishia Kericho. Zama zile hapakuwa na mji wa kusema ni mji. Nchi ilikuwa ya Wakipsigis, na sehemu yake nzuri, yenye mvua takriban mwaka mzima, ilikwisha kuchukuliwa na serikali ya kikoloni. Baada ya Vita vya Kwanza waligawiwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani hakikufaa, wakafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaingia na chai. Wenyewe walisukumwa pembeni. Mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai, ukoo wa viongozi wao wa dini, ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Nyumba zao za mviringo, za miti, udongo na nyasi, hazikuachiwa hata kumbukumbu. Ukitembea leo kutoka Kericho kuelekea Bomet unaona chai iliyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Hakuna cha kukuambia nani alikuwa na boma pale. Msifu Kericho kwa uzuri wake, lakini hilo lisemwe kwanza.

Reli haikupita Kericho. Stesheni ilikuwa Lumbwa, ndiyo Kipkelion ya sasa, na kila kitu kilipanda na kushuka kwa barabara ya matope. Ndipo ukaona maana ya magari ya ng'ombe, na maana ya karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works, ambako Puran Singh alifanya kazi miaka mingi pamoja na wenzake. Gurudumu la mbao likivunjika njiani, mzigo umelala hapo hapo. Fundi wa magurudumu alikuwa mtu wa kuheshimiwa na mzungu, Mhindi na Mkipsigis.

Lakini jina lake halikuenea kwa magurudumu. Alikuwa mtu wa ibada. Aliamka usiku kusali, akaishi maisha ya kawaida, akawahimiza vijana wa jamii yake waache pombe na warudi kwenye misingi ya dini yao. Watu wakaanza kumjia, wengine kutoka miji ya mbali. Sisi wa pwani hilo si geni kwetu; tumekuwa na masharifu na mashekhe waliokuwa washona kofia na mafundi jahazi, na watu waliwafuata pale pale penye kazi yao.

Niseme kidogo juu ya majengo ya Kericho, kwa kuwa nilipokwenda nilitembea sana kwa miguu. Kwenye mashamba kuna laini, nyumba ndogo za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu, na kutoka mlangoni mpaka penye chai au kiwandani ni mwendo wa miguu. Mtu anayesifia miji ya kutembea atafurahi. Ila nyumba ni ya kampuni. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha, hata kama watoto wamezaliwa humo. Mji wetu wa Kale nao ni wa kutembea, vichochoro vina kivuli na baraza ziko nje, lakini ulijengwa na wenyewe. Baraza hujengwa na mtu anayejua kwamba mjukuu wake atakuja kuikalia.

Miaka ya 1970, akiwa mzee wa zaidi ya sabini, Puran Singh alihamia Uingereza, wakati ambao Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakihama. Huko Birmingham akaanzisha Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, kikundi cha watumishi wa kujitolea. Nishkam ni kutenda bila kutaka malipo. Sisi tungesema kwa ajili ya Mungu. Gurudwara yao iko Soho Road, mtaa wa Handsworth. Mtu wa Punjab, anaishi Uingereza, na watu wake wakamwita Kerichowale, yaani wa Kericho. Alifariki 1983.

Wafuasi wake walipotaka kumjengea ukumbusho hawakutafuta kilima chenye mandhari. Walirudi penye karakana ile ile wakajenga gurudwara hapo. Utaniambia karakana yenyewe imepotea, na ni kweli. Mtu wa makumbusho angependelea kuona mabanda na patasi. Mimi naona walihifadhi kitu kigumu zaidi kuhifadhi, nacho ni matumizi: mahali watu walipomjia bado watu wanakuja, na jiko linawaka.

Hapo ndipo ninapokumbuka nyumba moja ya wakf mtaani kwetu. Ina ukuta wa matumbawe wa kusimama karne nyingine, lakini paa lilivuja, boriti zikaoza, na waliokabidhiwa wakasubiri fedha zitoke mahali. Sheria tunayo, ya mwaka 2006, inayolinda urithi. Lamu iko kwenye orodha ya dunia tangu 2001. Orodha haipandi juu ya dari na ndoo ya chokaa. Aliyeweka wakf alitoa kwa ajili ya Mungu, na anayeitunza naye hana budi atoe, japo Ijumaa moja ya mikono yake.

Wenzetu walikwisha kujaribiwa kwa kazi kubwa kuliko hiyo. Dhahabu ya hekalu la Amritsar, iliyowekwa tangu mwaka 1830 kwa amri ya Maharaja Ranjit Singh, ilikuwa imechakaa. Mwaka 1995 kazi ya kuirudishia ilikabidhiwa kikundi kile kile cha Birmingham, chini ya Mohinder Singh, mhandisi mzaliwa wa Uganda. Bamba kwa bamba, shaba iliteremshwa, ikasafishwa, ikavishwa dhahabu upya kwa ufundi wa kale na mikono ya kujitolea. Walimaliza 1999, fundi wa Kericho akiwa na miaka kumi na sita tangu afariki.