Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Hoja ya Kadari

Tulipokuwa Nangina, upande wa Busia mpakani mwa Uganda, tuliwasikia Waislamu wenzetu wakisema kuwa unyonge wetu umeandikwa, basi hauna dawa. Tukamkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba yake angali mtoto mdogo. Lau angetaka kisingizio cha kadari, alikuwa nacho. Badala yake alikwenda Unguja kusoma kwa Sheikh Abdalla Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumeit. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah. Humo aliwalaumu Waislamu wenyewe kwa kupuuza elimu, hata ya wanawake, na kwa kufuja mali.

Je, aliikanusha kadari? Hasha! Kuiamini ni katika nguzo za imani, na ujuzi wa Mwenyezi Mungu umetangulia kila jambo. Lakini mja hajui aliloandikiwa mpaka alitende. Vipi basi atalitolea hoja kabla? (Mwizi wa kuku wake hamsamehe kwa hoja hiyo.)

Mwaka 1937 Sheikh alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kadhi hampokelei mdaiwa kauli ya kuwa deni lake liliandikwa. Kazi hiyo alikuwa nayo hata alipofariki mwaka 1947.